Safu ya Lugha: Kiinitete si kijusi

Wazazi waliouguza mtoto wa selimundu, hata huku Nkoma mkoani Simiyu, husikia redioni kwamba siku hizi "kijusi hupimwa kabla ya mimba". Haiwezekani. Kijusi kimo tumboni tayari, viungo vimeshajitokeza. Kinachopimwa maabara ni kiinitete: kiini kilicho tete, cha siku tano hivi, ambacho hakijapandikizwa tumboni. Huchukuliwa seli chache za tabaka la nje, litakalokuwa kondo la nyuma. Seli hizo si lazima zilingane na za mtoto mwenyewe, na hapo ndipo majibu huweza kupotoka.

Kosa la pili ni kitenzi "kuthibitisha". Kipimo hicho huchuja, hakithibitishi. Baba na mama wakiwa wabebaji wa selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa ugonjwa kama huo, utokanao na jeni moja inayojulikana, uchujaji una usahihi mkubwa, ingawa madaktari bado hushauri mimba ipimwe tena. Kisukari, kimo na akili ni habari nyingine: jeni ni nyingi mno, na lishe na malezi vina sehemu yake. Anayemuahidi mzazi hayo anauza makisio.

Waandishi wenzangu, andikeni "kiinitete kimechujwa". "Mtoto amethibitishwa mzima" ni ahadi ambayo hakuna maabara inayoweza kuitimiza.