Vifaranga wa samaki wanakufa njiani: sababu zake, na namna ya kuwafikisha wazima

Vifaranga wa tilapia waliolipiwa asubuhi wanaweza kufika bwawani saa sita wakiwa wanaelea tumbo juu. Mfugaji anamlaumu muuzaji, muuzaji naye anamlaumu mwenye moto aliyewabeba, na wengine wanasema ni ugonjwa. Lakini sababu ya kawaida inaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi: hewa iliyokuwa ndani ya bidoni iliisha kabla ya safari kuisha. Kwa wakaaji wa Goma, Sake, Minova na Rutshuru wanaoanza kufuga samaki, kuelewa hesabu hiyo ni kuokoa franga za jamaa.

Hewa iliyo ndani ya maji

Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Oksijeni hiyo ni kidogo sana, na inapungua kwa sababu mbili: joto na kimo cha mahali.

Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 inaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, maji yaleyale hayashiki zaidi ya miligramu 7 na nusu. Goma haiko pwani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kwa hiyo hapa kwetu maji ya nyuzi 25 yanashika kama miligramu 7 tu kwa lita, hata yakitikiswa siku nzima.

Upande wa samaki mambo yanaenda kinyume. Joto likipanda nyuzi 10, mwili wake unataka oksijeni karibu mara mbili. Jua la saa saba linapopiga bidoni, samaki anadai zaidi wakati maji yana kidogo zaidi cha kumpa. Na akiwa ametishika, amevuliwa kwa wavu na kumwagwa kwenye beseni, anapumua haraka kuliko samaki aliyetulia.

Hesabu ya bidoni moja

Tuseme mfugaji amenunua vifaranga 200, kila mmoja gramu 5. Hiyo ni kilo 1 ya samaki. Kilo moja ya vifaranga waliotishika inaweza kutumia miligramu 300 za oksijeni kwa saa, na hata zaidi.

Bidoni ya lita 20 iliyojazwa maji hadi shingoni ina miligramu 140 hivi. Gawanya: haifiki nusu saa. Na samaki hawangoji miligramu ya mwisho. Mapema zaidi wanaanza kupanda juu na kufungua-fungua midomo wakitafuta hewa. Ile ni dalili ya kwamba wameshaanza kukosa, na mwenye kuwabeba asifikiri kwamba wanacheza.

Kuna jambo lingine. Hewa inaingia ndani ya maji kupitia uso wake, na bidoni iliyojaa hadi shingoni ina uso mdogo kama kiganja cha mtoto. Bidoni hiyohiyo ikikatwa upande mmoja, ikalazwa na kutiwa maji nusu, inakuwa na uso mpana mara nyingi zaidi. Moto ikitembea, maji yanatikisika na kuvuta hewa. Hatari inakuja moto ikisimama kwenye kizuizi ao wakati wa kununua mafuta. Hapo maji yanatulia, na samaki wanaanza kuzimia bila mtu kuona.

Sasa hesabu ya mfuko. Mfuko wa plastiki wenye lita 5 za maji na lita 10 za oksijeni safi kutoka kwenye chupa ya gesi una, kwa hapa Goma, miligramu 11,000 hivi za oksijeni juu ya maji. Kilo ileile ya vifaranga ingeweza kupumua zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana kanuni ya wafugaji wengi duniani ni sehemu moja ya maji na sehemu mbili za oksijeni, mdomo wa mfuko umekunjwa na kufungwa vizuri kwa mipira. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanatumia chupa za oksijeni, kwa hiyo vifaa si vya kutafuta mbali. Lakini mfuko usisogezwe karibu na moto wala sigara, na mwenye kujaza awe mtu anayejua kufungua chupa ile polepole.

Wengine wamekutana na shida hiyohiyo

Huko Marekani kuna mashindano ya kuvua samaki anayeitwa bass. Zamani mshindi alipimiwa samaki waliokufa. Mwaka 1972 Ray Scott, mwanzilishi wa chama cha B.A.S.S., alianza kuwahimiza wavuvi wa mashindano yake wapime samaki wakiwa hai kisha wawarudishe majini. Mitumbwi ikawekewa matanki yenye pampu, na samaki mfu akawa anampunguzia mvuvi pointi. Adui mkubwa wa mashindano hayo ni majira ya joto, na dawa zao zinafanana na zile zinazofaa hapa: pampu isizimwe, samaki wasijazane, joto la maji lipunguzwe kidogo kidogo, na mikono inayowashika iwe na maji ili ute wa ngozi yao usitoke. Samaki yule si mgeni Afrika ya Mashariki. Aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, tangu miaka ya 1920.

Siku moja kabla ya safari

Samaki aliyeshiba anachafua maji. Mavi yake na mkojo wake vinatoa amonia, na hiyo ni sumu kwake. Vifaranga wanapaswa kukaa bila chakula kwa saa 24 kabla ya kufungwa, kwenye maji safi yanayopata hewa. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji: walikula lini mara ya mwisho?

Kwa maji ya Ziwa Kivu swali hilo lina uzito zaidi. Maji yake yana madini mengi, na pH yake ni karibu 9. Kwenye maji ya pH 7, chini ya sehemu 1 kwa 100 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, ni karibu theluthi moja. Uchafu uleule unaua haraka zaidi ndani ya maji ya Kivu.

Maji ya kubebea yanapaswa kutoka palepale vifaranga walipokuwa wanaishi. Hapa Goma kuna mtego ambao watu wanausahau. Kwa sababu ya kipindupindu, kandokando ya ziwa kuna vituo ambako bidoni za wakaaji zinatiwa klorini, na maji ya bomba pia yanatiwa. Kwa mtu klorini ni ulinzi. Kwa samaki inachoma matamvua, sehemu anayopumulia, hata ikiwa kidogo. Bidoni iliyopita kwenye kituo cha klorini isitumiwe kubebea samaki kabla ya kuoshwa vizuri. Kama hakuna maji mengine, yale ya klorini yaachwe kwenye beseni pana, wazi, kwa siku nzima na zaidi. Bidoni iliyobeba mafuta ya gari ao sabuni isitumiwe kabisa.

Chumvi ya kawaida ya jikoni inasaidia. Gramu 3 hadi 5 kwa lita moja ya maji zinapunguza uchovu wa samaki njiani. Si lazima kuzidisha.

Njiani

Saa nzuri ya kuondoka ni mapema asubuhi ao jioni, jua likiwa limepoa. Mifuko iwekwe ndani ya karto ao gunia lenye unyevu, kivulini, mbali na injini. Isiwekwe chini juu ya mawe meusi ya lava, maana mawe hayo yanashika joto haraka. Kwa safari ya boti kwenda Idjwi ao Bukavu, upepo wa ziwa unadanganya: abiria anasikia baridi huku mfuko ulioachwa juani unapata moto.

Barafu inaweza kutumika, lakini ikiwa ndani ya chupa iliyofungwa, nje ya mfuko wa samaki. Tilapia si samaki wa baridi. Kushusha joto nyuzi 3 hivi kunamtuliza, kushusha ghafula kunamwua.

Anayetumia bidoni iliyokatwa atafute pampu ndogo ya hewa ya betri, na betri ya akiba. Bila pampu, achukue samaki wachache na safari iwe fupi. Waliokufa njiani watolewe upesi, kwa sababu mzoga unaoza na kula oksijeni ya walio hai.

Kufika bwawani

Vifaranga wengi wanakufa baada ya kufika, watu wakiwa wameshashangilia. Kuwamwaga moja kwa moja kunawapiga kwa badiliko la joto na la maji. Mfuko uelee juu ya bwawa kwa dakika 15 hadi 20, ukiwa umefungwa, mpaka joto lilingane. Kisha ufunguliwe na maji ya bwawa yaingizwe kidogo kidogo, bila kukawia sana, halafu samaki watoke wenyewe. Mfuko ukishafunguliwa usiachwe kwa saa nyingi: hewa chafu waliyoitoa inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu.

Milima ya Masisi inahitaji uangalifu wake. Chini ya nyuzi 20 tilapia anakua polepole sana, na karibu na nyuzi 16 anaacha kula. Bwawa lipimwe usiku na alfajiri kabla ya kununua vifaranga, si mchana peke yake.

Kwa wenye vizimba ziwani, shida ya hewa haiishi siku ya kufika. Ziwa Kivu lina kina cha mita 480 na zaidi, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini ya mita 60 ao 70 hakuna oksijeni, kuna gesi ya methani na ya kaboni. Katika ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, oksijeni inakoma kwenye mita 10 hivi tu. Mahali pa kuweka kizimba pachaguliwe kwa kufahamu hilo.

Samaki aliyehamishwa harudi

Sambaza, samaki mdogo anayelisha Goma yote, ni mtoto wa safari kama hizi. Hakuwa wa Ziwa Kivu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, vifaranga wa aina mbili za ndakala walibebwa kutoka Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aina moja ilipotea. Nyingine, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilishika, na leo wavuvi wanaifuata usiku kwa taa, kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu.

Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana ndani ya Kivu bila mtu kupanga. Wataalamu wanamhesabu kama mshindani wa sambaza. Hakuna wavu unaoweza kumtoa tena.

Kwa hiyo kabla ya kujifunza kuwafikisha samaki wazima, mfugaji anapaswa kujua ni aina gani anayobeba na imetoka wapi. Tilapia wa Mto Nili, Oreochromis niloticus, ni mwenyeji wa Kivu, na kumfuga hapa hakuleti aina mpya. Vifaranga wa aina isiyojulikana, hata wakiuzwa bei rahisi, waulizwe kwanza kwa watu wa idara ya uvuvi na ufugaji ya jimbo. Na maji ya mfuko uliotoka mbali yasimwagwe ziwani: yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na mto, kwa sababu ndani yake kunaweza kuwa na mayai ao ugonjwa ambao macho hayaoni.