Homa Imemtoka Puani

Makindye, Kampala, mtu akiamka na kundi la malengelenge chini ya pua, wengi hawamuulizi habari za kidonda. Humuuliza kama alikuwa na homa. Swali hilo ni la zamani kuliko hospitali yoyote ya Kampala, na kwa kiasi fulani ni sahihi: malaria na vichomi huamsha kirusi cha herpes simplex aina ya kwanza, ambacho wengi wetu tulikipata utotoni na ambacho hujificha kwenye neva za uso maisha yote. Tatizo ni kwamba kidonda chenyewe kilichukuliwa kuwa ishara tu ya maradhi mengine. Waliotibu walitibu homa. Mgonjwa alinyweshwa majani ya mululuza yaliyochemshwa hadi uso ukakunjamana kwa uchungu, na pua ikaachwa ikauke yenyewe.

Wamisionari hawakubadilisha mengi katika hilo. Albert Cook alifungua hospitali yake Mengo mwaka 1897. Mother Kevin na masista wenzake Wafransisko wakafika Nsambya, ambayo leo iko ndani ya Makindye, mwaka 1903. Malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu kandokando ya ziwa, na ilikuwapo kaswende, ilikuwapo malaria. Nani angejali lengelenge? Baadaye ikaja ile dawa ya zambarau, ikapakwa kwenye kila kidonda cha mdomo na pua. Ilikausha vizuri na kumtangaza mgonjwa mtaa mzima, lakini kirusi hakikutikisika.

Nje ya Afrika wanasayansi walikuwa wakikisaka taratibu. Mwaka 1919 Löwenstein alionyesha kwamba majimaji ya malengelenge hayo huambukiza jicho la sungura. Kisha Kampala yenyewe ikaingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1957, Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kuchunguza watoto waliovimba mataya. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake: ndugu wa hiki cha puani, wa familia ileile ya herpes. Dawa iliyofuata ilitoka Marekani. Ni acyclovir, iliyobuniwa miaka ya 1970 katika maabara alimofanya kazi Gertrude Elion, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Lakini kufikia mwaka huo Kampala ilikuwa na msiba mwingine. Ukimwi uligeuza vidonda vya ngozi kuwa ushahidi. Kisipi, yaani mkanda wa jeshi, kilitosha kumfanya mtu anong'onwe, na kidonda cha herpes kisichopona kwa zaidi ya mwezi kiliingizwa na madaktari katika orodha ya dalili za ukimwi. Nsambya ilianza kuwahudumia wagonjwa majumbani mwaka 1987, mwaka uleule shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, TASO, lilipoanzishwa. Aliyekuwa na lengelenge la kawaida tu, la siku saba, alifunika uso kwa leso. Kwa mara nyingine, kidonda hakikutazamwa kama kidonda.

Leo acyclovir si dawa adimu. Iko kwenye maduka ya dawa ya Kabalagala na Barabara ya Ggaba, vidonge na krimu, na tangu 2001 vituo vya serikali havitozi ada. Tatizo ni muda. Mtu huomba "dawa ya kidonda", hupewa tetrasaiklini ambayo ni ya bakteria, na hurudi siku ya nne pua ikiwa imeshika gaga. Hapo krimu ni hasara tu. Dawa husaidia ngozi inapoanza kuwasha na kuchoma, kabla ya lengelenge. Vidonge vya miligramu 200 kwa kawaida huandikwa mara tano kwa siku, kwa siku tano. Kubandua gaga ni kukaribisha bakteria, na kidole kilichotoka puani kisiguse jicho.

Kuna hali moja isiyofaa kuachiwa muuza duka. Katika miaka ya 1860 Jonathan Hutchinson, daktari Mwingereza, aliona kwamba mkanda wa jeshi ukitokea kwenye ncha au ubavu wa pua, jicho la upande huo huwa hatarini, kwa sababu neva ni moja. Mwenye malengelenge ya upande mmoja, na maumivu yanayopanda hadi kwenye paji, anahitaji daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama bado anaona vizuri.