Kodi na Sahani: Historia ya Kasongo na Kabambare Inatuambia Nini juu ya Kodi ya Sukari



Kuna swali linalorudi mara nyingi katika mazungumzo yetu: serikali iweke kodi kubwa juu ya vyakula vinavyoharibu afya, kama sukre za chupa, biskuti na pipi, ili watu wasinenepe ovyo na ugonjwa wa sukari upungue? Wengine wanajibu ndiyo haraka, sababu Mexico imefanya, Afrika Kusini imefanya, Uingereza imefanya. Wengine wanakataa haraka: kwetu nani ananenepa, na watoto wana utapiamlo? Mimi naomba tusikimbilie jibu. Huku kusini ya Maniema, kodi na chakula vinajuana tangu zamani. Serikali ilikwisha kutumia kodi kubadilisha sahani yetu, tena zaidi ya mara moja. Tuangalie kwanza ilifanyaje.

Mchele nao ulikuwa mgeni

Leo mtu wa Kasongo akipokea mgeni wa heshima, anapika mchele. Lakini mchele ulishika nguvu huku na Waungwana waliotoka pwani. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip, jina lake kamili Hamed bin Muhammed. Jeshi la Dhanis lilipouteka mwezi wa nne 1893, daktari wake Mwingereza, Sidney Hinde, alishangaa kuona mashamba makubwa ya mchele, mihindi, miwa na matunda. Kabla ya hapo, 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona akina mama wakileta sokoni samaki, muhogo, mawese, chumvi na kuku.

Tusiifanye ile neema kuwa peponi. Mashamba ya Kasongo yalilimwa na watumwa, na katika soko lile lile la Nyangwe Livingstone aliona watu wengi wakiuawa kwa bunduki, tarehe 15 mwezi wa saba 1871. Ninachotaka tushike ni kimoja: tangu zamani, chakula cha mahali hapa hakikufuata udongo na mvua tu. Kilifuata pia mwenye nguvu, alitaka nini kilimwe na alikihitaji kwa nani.

Kodi iliyofanya watu walime kisicholiwa

Halafu akaja Bula Matari. Mwaka 1903 serikali ya Léopold iliandika kwamba kila mtu atafanya kazi ya kodi masaa 40 kwa mwezi. Kwa karatasi, masaa 40. Porini, ile hesabu haikuheshimiwa. Ubelgiji uliichukua koloni 1908, na 1910 ikaja kodi ya kichwa ya kulipwa kwa pesa.

Hapo ndipo sahani ilianza kubadilika. Mkulima hakuwa na franga. Kuzipata, ilibidi auze kitu au auze nguvu zake: kubeba mizigo, kazi ya reli iliyofungua njia kati ya Kindu na Kongolo, baadaye migodi. Kodi haikumwambia mtu "badilisha chakula chako." Ilimwambia tu alete pesa. Lakini mtu anayetafuta pesa ya kodi anagawa siku zake upya, na siku za mkulima ndizo chakula chake.

Mwaka 1917, katikati ya vita kuu, sheria ikaongeza kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, katika vita ya pili, zikapanda mpaka 120. Kusini ya Maniema mazao ya lazima yalikuwa hasa pamba na mchele. Mchele ulikwenda kulisha wafanyakazi wa migodi na miji. Pamba ilikwenda kwa kampuni. Ile kubwa, Compagnie Cotonnière Congolaise, ilianzishwa 1920. Bei hakupanga mkulima. Asiyelima alikutana na faini, jela au kiboko.

Sasa tufikiri kama watu wa kilimo. Pamba inataka palilio wakati ule ule ambapo mihindi, karanga na maharagwe vinataka mikono. Mikono ni ile ile, na mara nyingi ni ya mama. Mkulima mwenye akili anafanya nini? Anachagua zao linaloweza kungoja. Muhogo unangoja: unaupanda, unauacha, unaukuta ardhini mwaka ujao. Ndiyo sababu katika sehemu nyingi za pamba za Kongo muhogo ulipanda na mazao mengine yakashuka. Muhogo unashibisha, lakini una protini kidogo sana. Bila sombe, samaki au maharagwe pembeni, mtoto anashiba na anakonda.

Basi kodi inaweza kweli kubadilisha chakula cha watu. Huku ilifanikiwa vizuri kabisa. Ila ilituelekeza vibaya, sababu aliyeipanga hakuwa akifikiria tumbo letu.

Sheria ya pombe kali

Kuna jaribio lingine la zamani, lililosemwa ni kwa afya yetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaongeza nguvu. Katika Kongo ya Wabelgiji, mtu mweusi alikatazwa pombe kali mpaka miaka ya 1950, huku mzungu akinywa wiski yake kwenye baraza.

Matokeo tunayajua sote. Pombe kali haikuisha; ilihamia porini. Lutuku ya mihindi na muhogo ikapikwa kwa siri, bila kipimo wala mtu wa kuangalia usafi. Mpaka leo ipo, na sasa haijifichi sana.

Hapa kuna somo kwa wanaotaka kodi. Kitu ambacho watu wanaweza kukitengeneza wenyewe nyuma ya nyumba, ukikibana kinakimbilia gizani. Kitu kinachotoka kiwandani au kinachopita forodhani, kama sukre na sukari nyeupe, ni rahisi zaidi kukishika kwenye mlango. Tangu kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kisimame katika vita ya 1996, sukari nyingi ya mashariki inatoka nje ya inchi. Inaingia kwa milango inayojulikana.

Njaa na sukari katika nyumba moja

Kasongo ina jina katika historia ya afya ya dunia, na vijana wengi hawajui. Katika miaka ya 1970, Mradi Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulionyesha jinsi hospitali na vituo vidogo vya afya vinavyoweza kufanya kazi kama mwili mmoja. Walipima uzito na urefu wa watoto wetu ili kujua ni yupi yuko katika hatari ya kufa. Swali lao lilikuwa wembamba. Hakuna aliyekuja kupima unene.

Wembamba haujaondoka. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa mia chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo wale wanaosema unene si shida yetu ya kwanza wana haki. Lakini njaa na sukari zinaweza kukaa katika nyumba moja: mtoto amedumaa, bibi yake ana tansiyo, mjomba amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila na tumbo kubwa, anashindia sukre na biskuti sababu ndizo zinazofika kambini bila kuoza. Tena kwetu mtu akinenepa tunamsifu, tunasema pesa iko. Akianza kunywa maji usiku kucha na kukojoa, tunatafuta mchawi.

Kodi ya chakula tayari iko, lakini juu ya chakula gani?

Hapa ndipo nataka tusimame. Tunajadili kama tuanzishe kodi juu ya chakula, na kumbe tunalipa kila siku. Uliza kijana anayesukuma baiskeli yenye mchele au mawese kati ya Kabambare na Kasongo. Kila bariyeri, kitu. Kila soko, kitu. Karatasi wakati mwingine iko, wakati mwingine hakuna.

Ile malipo ya njiani kwa kawaida haiangalii thamani ya mzigo. Inaangalia mzigo wenyewe: baiskeli moja, gunia moja. Gunia la muhogo ni zito na la bei ndogo. Gunia la sukari lina bei mara nyingi zaidi. Wakitozwa sawa kwa gunia, mwenye muhogo anaumia sana, mwenye sukari hasikii. Maana yake, bila mtu yeyote kupiga kura, tumeweka kodi ya afya kinyumenyume: chakula kizuri cha jirani kinabebeshwa, na kile cha mbali kinachotuharibu kinapita kwa nafuu.

Wengine walifanya nini

Mexico iliweka peso 1 kwa litre ya kinywaji cha sukari kuanzia mwezi wa kwanza 2014. Mwaka wa kwanza manunuzi yalishuka karibu 6 kwa mia, wa pili karibu 10. Uingereza, 2018, ilitoza viwanda kufuatana na gramu za sukari, na viwanda vingi vikapunguza sukari ndani ya chupa kabla hata sheria haijaanza. Afrika Kusini ilianza mwaka ule ule, nayo kwa gramu.

Danemark ni hadithi nyingine. Mwezi wa kumi 2011 iliweka kodi juu ya mafuta ya aina inayoziba mishipa. Watu wakavuka kwenda kununua Ujerumani, na kodi ikafutwa mwanzoni mwa 2013. Tungeinakili kwetu ilivyo, ingepiga mawese, ambayo yana mafuta mengi ya aina hiyo. Na mawese mekundu ndiyo yanampa mtoto wa kijijini vitamini A ya macho yake. Sheria nzuri ya mahali pengine inaweza kumpofusha mtoto wa Kabambare.

Jibu langu

Nasema ndiyo kwa kodi ya sukari, kwa masharti matatu, na yote yametoka katika historia yetu.

La kwanza: itozwe kiwandani na forodhani tu, na DGDA, kwa gramu za sukari. Isishuke kamwe sokoni wala bariyerini. Ikishuka tu, itakuwa sababu mpya ya kumsimamisha mama mwenye beseni la mandazi.

La pili: sheria hiyo hiyo ifute malipo ya njiani juu ya mchele wa kwetu, muhogo, maharagwe, karanga, samaki, mawese na matunda. Ikiwa sukari inapanda bei na maharagwe hayashuki, tumemwadhibu maskini bila kumpa njia nyingine.

La tatu: pesa irudi. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa ibaki kwenye jimbo. Tunajua jinsi inavyotekelezwa. Kodi inayosemwa ni ya afya ionekane katika kituo cha afya: mizani, dawa, kipimo cha sukari kwenye damu. Bila hiyo, ni kodi ya kichwa iliyovaa koti jeupe.

Wabunge wa jimbo huko Kindu hawawezi kupanga kodi ya forodha ya taifa. Lakini malipo ya njiani wanaweza kuyagusa, na hapo hatuhitaji kungoja Kinshasa. Napendekeza shirika letu lianze na kazi ndogo: msimu huu wa mavuno, wahitimu walio Kabambare, Samba na Kasongo waandike kila malipo ambayo gunia moja la mchele na gunia moja la sukari yanakutana nayo njiani, tarehe, mahali na kiasi. Tukiwa na ile karatasi mkononi, tutajua tunaomba kitu gani kifutwe, na kwa nani.