Nani Aliiua Betri?

Fundi aliinua kioo cha simu yangu taratibu, akanigeuzia nione. Betri ilikuwa imeumuka kama andazi.

"Chaja ya haraka hiyo, dada," alisema bila kuniangalia. "Zinaua betri hizo."

Ilikuwa Februari, Kariakoo, saa nane mchana, na feni ya kibanda chake ilikuwa ikipuliza joto lile lile la mtaani. Sikumjibu. Nilikuwa naiwazia sauti ya bibi. Ndani ya simu ile kulikuwa na saa tatu za mazungumzo niliyomrekodi kule Korogwe kwa ajili ya tasnifu yangu kuhusu manamba wa mashamba ya mkonge. Bibi alifariki miezi minne baada ya mazungumzo yale. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Sisi wanafunzi wa historia tunafundishwa kukitilia shaka chanzo kinachotajwa peke yake na kwa haraka. Basi fundi alipotuma kijana akatafute betri nyingine, mimi nikabaki na swali, na swali lile likanifuata hadi maktaba.

Kumbe betri ya lithiamu na moto ni ndugu wa zamani. Miaka ya 1970, Stanley Whittingham, akifanya kazi katika kampuni ya Exxon huko Marekani, alitengeneza betri ya kuchajika iliyotumia lithiamu yenyewe, metali nyepesi kuliko zote. Lithiamu haikawii kuachia elektroni zake, na hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Kila betri ilipochajiwa, metali ile ilijirundika ovyo na kuota vijiti vyembamba kama mizizi. Kijiti kikifika upande wa pili, ni shoti, na baada ya shoti ni moto.

Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake pale Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuhifadhi lithiamu na kutoa takriban volti 4. Kobalti hiyo leo, zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani, inatoka Kongo, kwenye miji kama Kolwezi ambako watu hupatana bei kwa Kiswahili. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa Japani aliiondoa kabisa lithiamu ya metali, akaweka kaboni ambayo ioni za lithiamu zingeweza kuingia na kutoka. Hekima yake ilionekana upesi: mwaka 1989, betri za lithiamu ya metali zilizotengenezwa Kanada ziliondolewa sokoni baada ya kuwaka moto. Miaka miwili baadaye, 1991, Sony iliingiza sokoni betri ya ioni za lithiamu. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97.

Moto ulikuwa umefungiwa ndani, lakini joto lilibaki na kazi yake. Betri inapochajiwa mara ya kwanza, utando mwembamba sana hujijenga juu ya kaboni. Utando huo ni mlinzi, maana bila huo kimiminika kilichomo kingeendelea kuharibika. Joto likizidi, utando huzidi kunenepa, na unene wake hulipwa kwa lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Kimiminika nacho kikivunjika, hutoa gesi. Gesi ndiyo iliyoiumua betri yangu.

Sasa tuje kwa mshtakiwa. Tangu miaka ya 1840, James Prescott Joule alionyesha kwamba mkondo wa umeme ukiongezwa mara mbili katika waya ule ule, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo fundi hakusema uongo: kuharakisha chaji ni kuongeza joto. Lakini wahandisi nao walimsoma Joule. Bandari ya USB ya zamani ilitoa wati 2.5 tu. Walipotaka zaidi, wengine walipandisha volti ili mkondo kwenye waya usizidi mno, wengine wakaihamishia kazi inayozalisha joto kwenye kichwa cha chaja, nje ya simu, na wengine wakaigawa betri mara mbili.

Zaidi ya hapo, simu haichaji kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho. Fikiria daladala kituoni. Viti vikiwa vitupu, abiria huingia mbio. Vikikaribia kujaa, kondakta hata apige kelele namna gani, watu huingia mmoja mmoja. Ukiwalazimisha, watabanana mlangoni, na ioni zikibanana mlangoni hugeuka kuwa metali ile ile iliyomtesa Whittingham. Ndiyo maana simu hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa, na hupunguza pia inapohisi joto.

Hata kesi maarufu kuliko zote haimtii hatiani mshtakiwa huyu. Simu za Samsung Galaxy Note 7 zilipowaka mwaka 2016, wengi waliinyooshea chaja kidole. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulikuta kasoro katika betri zenyewe, namna zilivyosanifiwa na kutengenezwa.

Ikabidi nijihoji mwenyewe kama ninavyowahoji wazee. Simu ilikuwa inalala wapi? Chini ya mto, ikiwa kwenye chaji usiku kucha, imejaa hadi asilimia 100. Mchana? Juu ya meza ya dirishani, kwenye jua. Na nilipokuwa nanukuu maneno ya bibi, niliisikiliza saa nzima nzima huku inachaji, ikiwa ndani ya kava nene la mpira. Chaja ya haraka ilikuwepo, siikatai. Ila ilikuta joto limeshakaribishwa, na aliyelikaribisha ni mimi.

Bibi alikuwa na kisimu chake cha batani. Alikiweka kwenye chaji chini, juu ya sakafu ya saruji iliyopoa, na kilipojaa alichomoa waya palepale. Niliwahi kumcheka.

Kijana alirudi na betri. Fundi aliifunga, akabonyeza, tukasubiri. Kioo kikawaka. Nilitafuta faili la kwanza palepale kibandani, na kelele za Kariakoo zote zikakaa nyuma ya sauti moja: "Umeshawasha hicho kidude chako, mjukuu wangu? Haya, niulize."

Jioni ile nilitoa nakala tatu. Kisha nikaiweka simu sakafuni, nikaichomeka kwenye chaja ile ile ya haraka.