Tuzo za Uigizaji za New York na Mabishano ya Haki

Mwaka 1921 jumuiya ya wapenzi wa tamthilia ya New York, Drama League, iliteua watu 10 walioonekana kuitendea makubwa tamthilia ya Marekani msimu ule. Desturi ilikuwa wateule hao waalikwe kwenye karamu ya kuwaenzi. Mmoja wao alikuwa Charles Gilpin, mwigizaji Mweusi aliyeshika nafasi kuu katika The Emperor Jones ya Eugene O'Neill, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 1920. Ubingwa wake jukwaani haukupingwa. Kilichozua ubishi ni kama mtu Mweusi angeketi kula pamoja na Wazungu. Baadhi ya wanachama walitaka asialikwe, na O'Neill akawashawishi wateule wengine wasihudhurie iwapo Gilpin angeachwa. Gilpin mwenyewe aliombwa atoe udhuru, akakataa. Siku ya karamu alikwenda, akapokea heshima yake, na ukumbi ukamshangilia kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Ubishi ule ulihusu karamu, lakini nyuma yake lilikuwapo jambo zito zaidi. Tuzo ya uigizaji haiwezi kumfikia asiyepewa nafasi ya kuigiza, na katika kumbi kubwa za Broadway nafasi nzito zilizoandikwa kwa ajili ya waigizaji Weusi zilikuwa za kuhesabika. Gilpin alikuwa amekomaa katika kundi la ukumbi wa Lafayette huko Harlem, ambako Weusi waliigiza kila aina ya mhusika, lakini wagawaji wa tuzo hawakuwa wakiangalia huko. Baada ya The Emperor Jones hakupata tena nafasi ya kiwango kile, na alifariki mwaka 1930. Hata Mweusi mwenzake Paul Robeson, aliyeigiza Othello kwenye Broadway kuanzia 1943 mara 296, alifungua mlango ambao ulirudi kufungwa nyuma yake. Iago wa tamthilia ile alikuwa José Ferrer, mzaliwa wa Puerto Rico.

Tuzo za Tony, ambazo leo ndizo zenye hadhi kubwa kuliko zote katika tamthilia ya Marekani, zilianza tarehe 6 Aprili 1947 katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Zilianzishwa na American Theatre Wing kwa kumbukumbu ya Antoinette Perry, mwigizaji na mwongozaji aliyefariki mwaka uliotangulia. Ferrer alikuwa mmoja wa wanaume wawili waliotunukiwa mwaka huo kama waigizaji wakuu, kwa Cyrano de Bergerac. Tangu mwanzo uigizaji uligawanywa kwa jinsia na kwa uzito wa nafasi, mkuu na msaidizi. Migawanyo hiyo ilionekana kuwa taratibu za ofisini tu, wala haikuzua swali. Maswali yalikuja baadaye, na mengi yalitoka humo humo.

Mwigizaji wa kwanza Mweusi kupata Tony alikuwa Juanita Hall, mwaka 1950, kama mwigizaji msaidizi katika South Pacific. Mhusika aliyemwigiza, Bloody Mary, ni mwanamke wa Tonkin, sehemu ya Vietnam. Hall alikuwa mwana wa baba Mweusi na mama wa asili ya Ireland, na miaka 8 baadaye aliigiza tena mwanamke wa Kichina katika Flower Drum Song. Mwaka 1952 Yul Brynner, mzaliwa wa Vladivostok, alipata tuzo kwa kumwigiza mfalme wa Siam katika The King and I. Brynner alitunukiwa kama mwigizaji msaidizi ingawa ndiye mfalme wa hadithi yenyewe, kwa sababu jina lake lilichapwa chini ya jina la tamthilia, na la Gertrude Lawrence juu yake. Mahali pa jina kwenye bango palitosha kuamua mtu ashindane na nani.

Tuzo hizo mbili zinastahili kutazamwa pamoja. Zilikuwa za haki kwa maana kwamba walioshinda walikuwa waigizaji wa daraja la juu, na ushindi wa Hall ulikuwa hatua kubwa kwa watu wake. Hata hivyo wahusika wote wawili walikuwa Waasia, na hakuna mwigizaji wa asili ya Asia aliyefaidika. Wakati ule karibu hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, na ndiyo maana lilichukua miaka 40 kulipuka.

Kwa Wamarekani Weusi milango ilifunguliwa mmoja mmoja. Harry Belafonte alishinda mwaka 1954. Diahann Carroll alishinda mwaka 1962 kama mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia ya muziki, No Strings, akiwa Mweusi wa kwanza kufika hapo. James Earl Jones alishinda mwaka 1969 kwa The Great White Hope, akimwigiza bondia aliyefinyangwa kutokana na maisha ya Jack Johnson. Ila katika tamthilia isiyo ya muziki, mwanamke Mweusi hakuwa mshindi wa tuzo ya mwigizaji mkuu hadi mwaka 2004, Phylicia Rashad alipoipata kwa A Raisin in the Sun. Tamthilia hiyo ya Lorraine Hansberry ilionyeshwa Broadway kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Miaka 45 kati ya tarehe hizo mbili inaeleza mengi kuhusu nafasi ambazo wanawake Weusi hawakuandikiwa.

Ushindi wa mwaka 1975 ulitoka nje kabisa ya utaratibu huo. John Kani na Winston Ntshona, kutoka Afrika Kusini, waligawana tuzo moja ya mwigizaji mkuu kwa tamthilia mbili, Sizwe Banzi Is Dead na The Island, walizozibuni pamoja na mwandishi Mzungu Athol Fugard. Kwao sheria za ubaguzi hazikuitambua kazi ya uigizaji kwa Mwafrika, hivyo katika vitambulisho vyao waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Mwaka uliofuata walikamatwa Transkei wakiwa na Sizwe Banzi Is Dead. Kwa watu hao tuzo ya New York ilikuwa pia ushahidi mbele ya ulimwengu kwamba wao ni waigizaji.

Wakati huo huo Weusi wa New York walikuwa wamekwisha kujijengea jukwaa lao la sifa. Mwaka 1973 Vivian Robinson alianzisha AUDELCO, chama kilichokusanya watazamaji wa tamthilia za Weusi na kutoa tuzo zake chenyewe. Hoja yake ilikuwa nzito: Tony huhesabu kumbi za Broadway peke yake, zile zenye viti 500 na zaidi, na kazi nyingi bora za Weusi zilikuwa zikifanyika katika kumbi ndogo ambazo wapiga kura wa Tony hawakupaswa hata kuzitembelea.

Mlipuko wa lile suala la Waasia ulikuja mwaka 1990. Tamthilia ya muziki Miss Saigon ilikuwa imetia fora London, na mtayarishaji Cameron Mackintosh alitaka kuileta Broadway pamoja na Jonathan Pryce, Mzungu aliyemwigiza mhusika mwenye damu ya Kiasia na ya Kizungu. London Pryce alikuwa amebandikwa vifaa vya kubadilisha umbo la macho na kupakwa rangi usoni. Mwandishi David Henry Hwang na mwigizaji B.D. Wong, waliokuwa wameshinda Tony kwa M. Butterfly miaka miwili kabla, walipinga. Agosti mwaka huo chama cha waigizaji, Actors' Equity, kilimnyima Pryce kibali. Mackintosh akaifuta tamthilia nzima, ingawa tiketi za mamilioni ya dola zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Baada ya siku chache chama kililegeza msimamo, kwa shinikizo la wanachama wake wengi walioona ajira zikipotea.

Ni rahisi leo kuwalaumu waliolegea, lakini kila upande ulikuwa na neno. Watetezi wa Pryce walisema kuigiza ni kuwa mtu usiye, na kwamba kanuni ya kumfunga mwigizaji katika asili yake ingewarudi Weusi na Waasia wanaotaka kuigiza Hamlet. Wapinzani walijibu kwamba uhuru huo ulikuwa wa upande mmoja: Mzungu aliruhusiwa kumwigiza yeyote, na Mwasia hakuitwa hata kwenye majaribio ya nafasi iliyoandikwa kwa Mwasia. Jibu hili lina nguvu zaidi, kwa kuwa linatazama mambo yalivyokuwa yakitendeka. Tamthilia ilifunguliwa Aprili 1991, Pryce akiwa hana tena vile vibandiko. Alishinda Tony, na Lea Salonga wa Ufilipino akashinda ya mwigizaji mkuu wa kike. Tamthilia moja ikazaa lalamiko na mafanikio kwa pamoja.

Miaka mitano baadaye mwandishi August Wilson alilipeleka suala mbali zaidi. Katika hotuba aliyoitoa Princeton Juni 1996 alipinga hata desturi ya kuwapanga waigizaji bila kujali rangi, ambayo wengi waliiona kuwa ndiyo dawa. Kwake yeye, kumwingiza mwigizaji Mweusi katika hadithi za Wazungu kulikuwa kumfutia historia yake, na kilichohitajika ni fedha na kumbi za tamthilia za Weusi wenyewe. Mkosoaji Robert Brustein alimpinga vikali, na Januari 1997 walikutana katika Town Hall ya New York kujadiliana mbele ya hadhara.

Mwaka 2016 ulionekana kuthibitisha hoja ya Wilson, ingawa yeye alikuwa amefariki mwaka 2005. Wakati tuzo za filamu za Oscar zikilaumiwa kwa kuteua waigizaji Wazungu watupu miaka miwili mfululizo, tuzo zote nne za Tony za uigizaji wa tamthilia za muziki zilikwenda kwa Weusi, tatu kati yake kwa waigizaji wa Hamilton. Mwaka huo huo Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya na kuanza kuigiza utotoni na kundi la Phoenix Players la Nairobi, aliteuliwa kuwania tuzo kwa Eclipsed. Tamthilia hiyo ya Danai Gurira, kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, ilikuwa ya kwanza kufika Broadway ikiwa na mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote wanawake Weusi. Yalipoandikwa na kutayarishwa mambo mapya, orodha za tuzo zilibadilika bila wapiga kura kubembelezwa.

Swali la ulemavu lilikawia. Phyllis Frelich, mwigizaji kiziwi, alishinda mwaka 1980 kwa Children of a Lesser God. Ali Stroker aliposhinda mwaka 2019 kwa Oklahoma!, akiwa wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu, ilimbidi asubiri nyuma ya jukwaa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kiti hicho kutoka walikoketi wageni kwenda jukwaani.

Kisha ule mgawanyo wa kijinsia wa 1947 nao ukahojiwa. Mwaka 2023 J. Harrison Ghee na Alex Newell, wasiojitambulisha kama wanaume wala wanawake peke yake, walishinda katika makundi ya wanaume. Justin David Sullivan alijitoa asifikiriwe kabisa, kwa kuwa hakuna kundi lililomfaa. Tuzo za Drama Desk ziliunganisha makundi mwaka huo na kutoa washindi wawili kwa kila moja. Tony hazijafanya hivyo. Hofu inayotajwa ni kwamba wanawake, wenye nafasi nzito chache zaidi, wangepungua kwenye orodha.

Mwaka 2025 Francis Jue alishinda Tony kwa Yellow Face, tamthilia ambayo Hwang aliiandika kutokana na sakata la Miss Saigon. Darren Criss, ambaye mama yake ni Mfilipino, alishinda kama mwigizaji mkuu wa Maybe Happy Ending, hadithi ya maroboti nchini Korea. Criss alipopumzika, nafasi yake alipewa kwa muda mwigizaji Mzungu, Andrew Barth Feldman. Wapo waliosema roboti halina kabila. Waigizaji wa asili ya Asia wakapinga kwa barua ya wazi, na aliyeiandika alikuwa B.D. Wong.