Kitufe na Neno: Historia Fupi ya Vipimo vya Vitufe katika Programu za Kompyuta

Mtafsiri wa kitabu akihitaji neno refu, ukurasa humpisha. Mtafsiri wa programu za kompyuta hakuwa na nafasi hiyo kwa miaka mingi, kwani neno lake lilitiwa ndani ya kitufe kilichokwisha kukatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Amri ya kuhifadhi kazi ina herufi 4 katika Kiingereza. Kijerumani husema "Speichern", herufi 9, na Kiswahili "Hifadhi", herufi 7.

Macintosh, iliyotolewa na Apple mwaka 1984, ilitenga maneno na vipimo vya vitufe mbali na maagizo ya programu. Mtafsiri aliweza kuvirekebisha bila ya programu kuandikwa upya. Lakini kila kitufe kilipanuliwa kwa mkono, na jirani zake wakahamishwa. Windows ya Microsoft, iliyofuata mwaka 1985, ilipima visanduku vyake kwa robo ya upana wa wastani wa herufi. Herufi zikikuzwa, kitufe nacho hukua. Neno likirefuka, kitufe hubaki palepale. Kilichopimwa ni herufi, si neno.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 John Ousterhout, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kuunda Tk. Humo kitufe hupima neno lake chenyewe na kuomba nafasi, kisha msimamizi wa mpangilio huwagawia wote. Neno likibadilika, ombi hutolewa upya.

Kiswahili kiliingia katika historia hii kabla ya utaratibu huo kuenea kote. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya programu ambayo visanduku vyake vilikuwa bado vya vipimo visivyobadilika. Ni katika LibreOffice 4.0 ya mwaka 2013, mrithi wa programu hiyo, ndipo visanduku vya kwanza vilipoanza kujipanga kwa kufuata maneno.

Suala hili si la mafundi peke yao. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na yambwa kwa pamoja, nacho hakikatiki bila ya kuharibu maana. Penye kitufe kisichotanuka, mtafsiri huvutwa na neno fupi badala ya neno sahihi. Na istilahi iliyozaliwa kwa dhiki ya nafasi yaweza kudumu hata dhiki yenyewe ikiisha. Kwa hiyo, anayechunguza istilahi za kompyuta yampasa kuuliza kwanza: je, neno hili lilichaguliwa na mwanalugha, au na upana wa kitufe?