Hina, piko au tatuu: Ya kuzingatia kabla ya kuutoa mkono uchorwe

Burgao ni bandari ndogo ya Wabajuni iliyo kusini mwa Kismayo, karibu na mpaka wa Somalia na Kenya. Huko, kama katika pwani yote ya Waswahili, mkono wa mwanamke uliopambwa hutangaza harusi au Idi kabla mwenyewe hajasema neno.

Pambo hilo kwa kawaida si tatuu. Tatuu ni rangi inayoingizwa ndani ya ngozi kwa sindano ikabaki humo maisha yote, na wanazuoni wengi wa Kisunni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, huihesabu kuwa ni haramu. Hina inaruhusiwa. Huitia ngozi rangi bila kuitoboa, haizuii maji ya udhu pindi uji wake ukishabanduliwa, na baada ya wiki mbili tatu huwa imefifia. Kwa hiyo mwanamke wa Burgao, au wa visiwa vya Chula, Chovai na Koyama, anapoketi mbele ya mchoraji huamini kwamba anaingia katika jambo la kupita.

Kwa hina, imani hiyo ina msingi. Kwa piko, ile rangi nyeusi inayopendwa siku hizi, alama inaweza kubaki maisha yote.

Kilichomo ndani ya bakuli

Hina hutokana na majani ya mhina, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis. Majani hukaushwa, husagwa, kisha hukandwa kwa maji, chai kavu au ndimu. Rangi yake hutoka polepole: uji sharti ukae mkononi kwa saa kadhaa, na ukibanduliwa huacha rangi ya chungwa inayoendelea kukolea kwa siku moja au mbili hadi kuwa nyekundu iliyoiva au kahawia. Hakuna mhina unaotoa weusi wa wino.

Weusi huo hupatikana kwa njia nyingine. Piko ya leo mara nyingi ni unga wa kutia nywele rangi, ama peke yake ama uliochanganywa na hina, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, inayojulikana kwa kifupi kama PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele iliyo tayari kupakwa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 2 ya kemikali hiyo, na kuipaka kwenye ngozi kama pambo ni marufuku. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, nayo haijaidhinisha itumike kwenye ngozi. Vipimo vya maabara katika nchi mbalimbali vimewahi kukuta katika hina nyeusi kiasi kinachopita mno kiwango hicho, jambo lisiloshangaza, kwani mchoraji hupima kwa jicho.

Sababu za kupendwa kwa piko zinaeleweka. Huonekana vizuri juu ya ngozi nyeusi na hukolea kwa muda usiofika hata saa moja. Anayemlaumu bibi harusi kwa kuichagua huenda hajawahi kukesha na mikono miwili isiyoweza kushika hata kikombe cha maji.

Mwili hujifunza

Kauli inayosikika mara nyingi ni kwamba fulani amechorwa piko miaka nenda miaka rudi na hajadhurika. Hiyo si dalili ya usalama. Mzio wa PPD hujengeka kwa kukutana nayo, na mtu anaweza kupakwa mara kadhaa bila kuona lolote huku kinga ya mwili wake ikijifunza kuitambua kemikali hiyo kama adui. Katika mara ya kwanza madhara yanaweza kuchelewa kwa wiki moja au mbili. Mwili ukishajifunza, huja ndani ya saa au siku chache: mwasho mkali, uvimbe, kisha malengelenge yanayofuata mistari ya mchoro, ua kwa ua na jani kwa jani.

Jeraha likipona, mchoro unaweza kubaki kama baka jeupe au jeusi, au kama kovu lililonyanyuka, ambalo huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika. Mzio wenyewe kwa kawaida haupoi tena. Msichana aliyechorwa siku ya Idi akiwa na miaka sita anaweza kuvimba uso na macho kufumba akiwa mtu mzima, siku anapotia nywele rangi nyeusi kwa mara ya kwanza. Baadhi ya dawa za ganzi, rangi za nguo na aina fulani za mpira nazo zinaweza kumdhuru, kwa kuwa kemikali zake zinafanana na PPD.

Ndiyo maana lile shauri la kujaribu tone dogo nyuma ya sikio kabla ya harusi halimlindi mtu. Tone likinyamaza, huenda ni kwa sababu mwili bado unajifunza, na tone lenyewe linaweza kuwa ndilo somo.

Swali la kumwuliza mchoraji, basi, ni jepesi: rangi hii itachukua muda gani, na itatoka na rangi gani? Jibu likiwa ni nusu saa na nyeusi, hiyo si hina, hata kama pakiti imeandikwa hina. Harufu kali ya petroli au mafuta ya taa nayo inatosha kuurudisha mkono nyuma. Aliye salama zaidi ni anayejua majani yake yametoka wapi na nani ameyasaga.

Kwa watoto wachanga, hata hina halisi si ya kuaminiwa moja kwa moja. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana kwa wingi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria. Kwa mtoto wa aina hiyo, hina iliyopakwa sehemu kubwa ya mwili inaweza kupenya ngozi na kuvunja chembe nyekundu za damu, akapata manjano na upungufu mkubwa wa damu. Mtoto ambaye hajapimwa ni heri asipakwe.

Wanaofikiria tatuu

Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni hadi Mombasa, Nairobi na miji ya Ulaya, na huko vijana hukutana na maduka ya tatuu. Hatari kubwa ya kwanza ni sindano: isiyo mpya inaweza kupitisha virusi vya homa ya ini B na C, pamoja na VVU. Homa ya ini B ina chanjo, ambayo yafaa ikamilishwe kabla ya kuchorwa, C haina. Mteja ana haki ya kuona pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yake, na wino ukimiminwa katika kikombe kidogo cha kutupwa. Wino nao una lake. Tangu Januari 4, 2022, Umoja wa Ulaya umedhibiti matumizi ya maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1969 inakataza kumchora aliye chini ya miaka 18.

Kuifuta kwa leza huchukua vikao vingi kwa miezi mingi, na kwenye ngozi nyeusi kazi huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu leza inaweza kuondoa hata rangi ya ngozi yenyewe. Kwa aliyetubu, wanazuoni wa Shafi wamesema tangu zamani kwamba halazimiki kuiondoa ikiwa kuiondoa kutamletea madhara.

Aliyekwishadhurika kwa piko aioshe sehemu hiyo kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, asitumbue malengelenge, wala asipake dawa ya meno au majivu. Uvimbe wa uso au pumzi kubana ni dharura. Burgao iko mbali na hospitali kubwa, na katika miezi ya kusi, bahari inapochafuka, safari ya mashua hadi Kismayo si ya kuamuliwa usiku. Kwa hiyo ni bora kuondoka mapema, malengelenge yanapoanza kutoa usaha au mgonjwa anaposhikwa na homa. Atakapofika, amweleze daktari kwamba alipakwa piko, na amkumbushe hivyo kila daktari atakayemtibu baadaye, hasa kabla ya kupigwa sindano ya ganzi.